Skrini inang'aa, karatasi haing'ai: historia ya prufu ya picha nyeusi na nyeupe



Leo naweka kando PHP na hifadhidata, tuzungumze kuhusu picha. Si picha za rangi, bali zile za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo siku hizi watu wanazitoa kwenye albamu na masanduku, wanazipitisha kwenye skana, kisha wanazichapa upya kwa printa ya inkijeti, yaani ile inayorusha matone madogo ya wino. Anayefanya kazi hiyo hukutana na kitendawili kimoja. Kwenye skrini ya tarakilishi picha inapendeza: nyeusi ni nyeusi tititi, nyeupe ni nyeupe pepepe, na kila mkunjo wa nguo unaonekana. Ikitoka kwenye printa, nyeusi imekuwa kama masizi, mikunjo imepotea, na picha nzima imezama gizani. Wengi hulaumu printa, wananunua wino mwingine, na wino mwingine tena.

Kuna ufundi uliobuniwa kutegua kitendawili hiki kabla hujapoteza hata karatasi moja. Mimi nauita prufu ya skrini. Neno prufu tunalijua kutoka kwa wachapishaji wa vitabu: kabla kitabu hakijapigwa chapa nakala elfu, mwandishi huletewa prufu asome na kusahihisha. Prufu ya skrini ni wazo hilohilo, ila haina karatasi. Programu inaifanya skrini ionyeshe picha jinsi itakavyokuwa kwenye karatasi fulani, kwa wino fulani.

Nimeifuatilia historia yake kwa sababu, kama mwandishi wa programu, naona jambo la ajabu ndani yake. Tumezoea kuandika programu ili skrini ionyeshe vitu vizuri zaidi. Hapa kazi ya programu ni kuifanya skrini ionyeshe vibaya zaidi, makusudi, ili mtu aone mapema kitakachopotea na aamue mwenyewe kipi kipotee na kipi kibaki. Na kama tutakavyoona, kinachopotea mara nyingi ni watu.

Kabla ya tarakilishi: chumba cha giza

Tatizo la kutabiri picha halikuanza na inkijeti. Katika chumba cha giza, mpiga picha alikata kipande chembamba cha karatasi, akakiangazia sehemu moja kwa sekunde 5, nyingine 10, nyingine 15, kisha akakitia kwenye dawa. Kipande hicho kilikuwa prufu yake. Alichagua sekunde zilizompendeza, ndipo akatoa karatasi kubwa ya bei ghali.

Lakini kulikuwa na mtego. Karatasi ya picha ikiwa bado mbichi kwa maji huonekana angavu kuliko itakavyokuwa ikikauka. Ile iliyokuwa nyeupe safi inafifia kidogo, na picha yote inaonekana kuwa nzito zaidi. Kwa hiyo prufu yenyewe ilidanganya. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyeishi kati ya 1902 na 1984, alieleza katika kitabu chake The Print cha 1983 namna alivyotumia oveni ya maikrowevu kukausha vipande vya majaribio haraka, ili ahukumu picha kavu badala ya picha mbichi. Hebu fikiria: oveni ya kupashia chakula ikawa chombo cha utabiri.

Adams huyohuyo, akiwa na mwenzake Fred Archer, alikuwa ameunda karibu na mwaka 1940 mfumo wa kugawa mwanga wa picha katika ngazi, kuanzia 0 ambayo ni weusi mtupu hadi 10 ambayo ni weupe mtupu. Wanafunzi wa upigaji picha duniani kote walijifunza kwa ngazi hizo. Katika mafundisho yake, ngozi ya kawaida ya Mzungu ilikaa ngazi ya 6, na ngozi nyeusi ngazi ya 5. Hii haikuwa dharau, ni maelezo ya jinsi ngozi inavyorudisha mwanga. Lakini liweke hilo kichwani, tutalihitaji: nyuso zetu hukaa chini zaidi kwenye ngazi, karibu na giza. Chochote kinachobana upande wa giza hutugusa sisi kwanza.

Hesabu ya mwanga

Haya basi, tuje kwenye namba, maana bila namba mjadala huu hubaki wa kulalamikia printa.

Skrini hutoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga wake. Inarudisha tu ule uliotoka kwenye taa au dirishani. Wachapaji hupima weusi kwa kipimo kinachoitwa densiti, ambacho ni logarithimu. Densiti 1 maana yake karatasi inarudisha sehemu 1 ya mwanga kati ya 10. Densiti 2 ni sehemu 1 kati ya 100.

Tuchukue karatasi isiyong'aa, aina ya pamba wanayoipenda wasanii. Tuseme wino mweusi kabisa juu yake unafikia densiti 1.65, na karatasi tupu ina 0.05. Tofauti ni 1.6, na 10 kwa kipeo cha 1.6 ni kama 40. Maana yake sehemu nyeupe inang'aa mara 40 tu kuliko sehemu nyeusi. Karatasi inayong'aa, ambayo weusi wake unaweza kufika 2.3, inatupa mara 178 hivi. Skrini bapa ya kawaida ya ofisini huandikiwa mara 1000. Kutoka 1000 hadi 40 ni safari ndefu, na lazima kitu kiachwe njiani.

Ni nini kinachoachwa? Tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitoa mwaka 1976 kipimo kinachofuata jicho la binadamu, kiitwacho L*. Sifuri ni weusi kamili, 100 ni weupe kamili. Ukibadilisha zile densiti kuwa L*, weusi wa karatasi isiyong'aa unakuwa kama 17, na weupe wake kama 96. Weusi wa karatasi inayong'aa unashuka hadi karibu 4.5.

Sasa chukua picha ya harusi ya pwani. Bwana amevaa kanzu, mama yake amesimama kando amevaa buibui. Kwenye faili, mikunjo ya buibui ina L* ya 6, 10 na 14. Kwenye skrini unaiona yote. Lakini karatasi yako haiwezi kushuka chini ya 17. Mikunjo yote mitatu iko chini ya sakafu. Usipofanya lolote, mama anageuka kuwa umbo jeusi lenye uso. Upande wa pili, mikunjo ya kanzu yenye L* ya 97 na 98 inagonga dari ya 96, na kanzu inageuka kuwa shimo jeupe. Picha moja, hasara pande zote mbili.

Mwanamuziki, mwandishi wa programu, na mashine ya prufu

Sehemu inayofuata ya historia inatokea California, na kwa bahati inahusu picha nyeusi na nyeupe hasa.

Graham Nash, mwanamuziki wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alikuwa pia mpiga picha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kuzichezea picha zake kwenye Macintosh, akisaidiwa na Mac Holbert, aliyekuwa meneja wa ziara za kundi lile. Walikutana na ukuta ambao kila mwenye tarakilishi wakati huo aliujua: picha nzuri kwenye skrini, lakini hakuna printa ya kuitoa.

Wakaelekezwa kwenye mashine iitwayo IRIS. Ilikuwa printa kubwa ya inkijeti, na haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa hata kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za uchapaji, kutoa prufu ya karatasi kabla mitambo mikubwa haijawashwa. Yaani picha za kwanza za sanaa za inkijeti zilitoka kwenye mashine ya prufu!

Na kuna kejeli ya pili. Nash alitaka kuonyesha picha za watu alizopiga, lakini negativu nyingi na picha zilizosafishwa zilikuwa zimepotea zikisafirishwa kwenda kwa mchapishaji wa kitabu. Kilichobaki ni karatasi za kontakti, zile ambazo filamu hulazwa moja kwa moja juu ya karatasi na kutoa vipicha vidogo mno vya kuchagulia. Hizo nazo ni prufu. David Coons, mtaalamu wa rangi na mwandishi wa programu aliyekuwa akifanya kazi Disney, alizipitisha kwenye skana, akazisafisha, na akaandika programu yake mwenyewe ya kuzungumza na IRIS, kwa sababu mashine ile ilikuwa imefungwa kwenye mifumo ya uchapaji. Picha 16 zilionyeshwa Aprili 1990. Mwaka huohuo Nash alinunua IRIS yake kwa dola 126,000, na tarehe 1 Julai 1991 Nash Editions ikafungua milango huko Manhattan Beach. Mwaka 2005 mashine ile ilipelekwa kwenye jumba la makumbusho ya historia ya Marekani, Smithsonian, mjini Washington.

Wino wa IRIS wa siku hizo ulififia haraka kwenye mwanga, na hilo ni somo la siku nyingine. La kutazama hapa ni hili: kwa mashine ya bei hiyo, hakuna mtu angependa kujua kosa lake baada ya karatasi kutoka. Haja ya kuona mapema ilikuwa ya pesa kabla ya kuwa ya sanaa.

1993: soko linapata lugha moja

Kila kifaa kina lahaja yake ya rangi. Namba 128 kwenye skrini yangu si kijivu kilekile cha namba 128 kwenye yako, na kwa printa ni kitu kingine tena. Ukiwa na skana na kamera 10, na skrini na printa 10, ukataka kila moja ielewane na kila moja, unahitaji wakalimani 100. Lakini fikiria soko la Kongowea. Mdigo, Mkamba, Mluo na Mgiriama hawajifunzi lugha zote za wenzao. Kila mmoja anajua Kiswahili, biashara inaendelea. Kwa mtindo huo wakalimani 20 wanatosha.

Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano uitwao ICC ili kukubaliana juu ya Kiswahili hicho cha rangi. Kiswahili chenyewe kilikuwa vipimo vya CIE, ambavyo havitegemei kifaa chochote. Kila kifaa kikapewa profaili: faili dogo linaloeleza namba zake zinamaanisha nini katika vipimo hivyo. Mwaka huohuo Apple walitoa ColorSync, iliyoingiza kazi hii ndani ya mfumo endeshi.

Ukishakuwa na profaili, prufu ya skrini ni hatua ya kawaida tu. Programu inachukua picha, inaitafsiri kwenda kwenye namba za printa, halafu inaitafsiri kurudi nyuma, kisha inaipeleka kwenye skrini. Vilivyoshindwa kuingia kwenye karatasi vimeshapotea katika safari ya kwenda, kwa hiyo havirudi. Unachokiona ni kile kilichonusurika. Ni sawa na kumtumia mtu ujumbe kwa lugha asiyoijua vizuri, kisha kumwomba akurudishie alichoelewa.

Photoshop 5 ya 1998 ndiyo iliyoingiza profaili za ICC moyoni mwa programu ile. Photoshop 6 ya mwaka 2000 ikaleta prufu ya skrini kama tunavyoijua: chagua profaili yoyote ya printa na karatasi, weka alama kwenye visanduku viwili, kimoja cha kuiga weupe wa karatasi na kingine cha kuiga weusi wa wino. Ukiviweka, picha inakufa mbele ya macho yako. Inapauka, inafifia, unatamani kuvitoa. Wachapaji wazoefu wana ushauri mmoja: geuza macho pembeni wakati unabofya, ndipo utazame. Jicho lisipouona mshuko, linaizoea hali mpya na kuihukumu kwa haki.

Jambo moja zaidi la kihandisi. Ile mikunjo ya 6, 10 na 14 inaweza kushughulikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuikata: vyote vilivyo chini ya 17 vinakuwa 17. Ya pili ni kuibana: weusi wa faili unafungwa kwenye weusi wa karatasi, na vyote vya juu yake vinasogezwa kwa uwiano. Njia ya pili inaacha tofauti ndogo kati ya mikunjo, nyembamba lakini ipo. Adobe walikuwa nayo kwenye programu zao, wakachapisha hesabu yake mwaka 2006, na mwaka 2015 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 18619. Kisanduku kidogo kwenye dirisha la kuchapa, ambacho wengi hukiruka, ndicho kinachoamua kama buibui la mama litakuwa na mikunjo.

Kwa nini kijivu ni kigumu kuliko rangi

Mtu angedhani picha isiyo na rangi ndiyo rahisi. La hasha. Kwenye picha ya rangi, jani likiegemea njano kidogo hakuna atakayejua. Kijivu kikiegemea kijani kidogo tu, kila mtu anajua.

Printa za miaka ya 1990 zilikuwa na wino mweusi mmoja, na vijivu vingi zilivitengeneza kwa kuchanganya siani, majenta na manjano. Mchanganyiko huo ulikuwa kama mzani wa sokoni: ukiguswa kidogo, unaegemea upande. Duka moja mjini liliwahi kunichapia picha ya babu ikatoka ya kijani kama aliyepigwa ndani ya bwawa. Mbaya zaidi, mchanganyiko unaweza kuwa kijivu safi chini ya balbu ya manjano na kubadilika ukiusogeza dirishani. Epson Stylus Photo 2000P ya mwaka 2000, iliyoleta wino wa pigmenti unaodumu kwenye meza ya mtu wa kawaida, ilijulikana sana kwa kuegemea kijani kwenye mwanga wa mchana. Hapa prufu ya skrini inakwama, kwa sababu profaili huandikwa kwa mwanga wa aina moja. Haiwezi kukuambia mambo ya dirishani.

Suluhisho lilitoka kwenye wino, si kwenye programu. Jon Cone wa Vermont, ambaye alikuwa mchapaji wa IRIS, alileta mwaka 2000 mfumo wake wa Piezography: unatoa wino za rangi kwenye printa ya Epson na kuweka wino za kijivu za viwango mbalimbali. Hakuna rangi, hakuna kuegemea. Mwaka 2002 Epson wenyewe waliongeza wino mweusi hafifu kwenye Stylus Photo 2200, na mwaka 2005 wakaja na K3: nyeusi tatu, nzito, ya kati na hafifu, pamoja na mtindo maalumu wa kuchapa nyeusi na nyeupe ndani ya kiendeshi cha printa.

Prufu inapotea, kisha inarudi

Mtindo ule wa 2005 ulitoa kijivu kizuri sana, ila ulikuja na gharama ambayo wengi hawakuiona mara moja. Kiendeshi chenyewe kiliamua mchanganyiko wa wino, nje ya njia ya kawaida ya profaili. Na bila profaili hakuna prufu ya skrini. Baada ya miaka 12 ya kutafuta lugha moja ya soko, picha nyeusi na nyeupe ikarudi kuzungumza kilugha chake peke yake. Watu wakarudi kwenye mtindo wa chumba cha giza: chapa, tazama, tupa, chapa tena.

Aliyefungua njia hakuwa kampuni kubwa. Roy Harrington, Mmarekani aliyeandika QuadTone RIP, programu ya bei nafuu ya kuendesha printa za Epson kwa kijivu, aliambatanisha nayo chombo cha kutengeneza profaili ya kijivu. Unachapa ngazi ya visanduku 21, kutoka weupe hadi weusi. Unavipima. Unaandika L* ya kila kimoja kwenye faili la maandishi. Chombo kinalifanya kuwa profaili, na Photoshop inaikubali kwa prufu ya skrini.

Mimi ninalipenda suluhisho hili kwa usahili wake. Profaili ya rangi ni jedwali lenye maelfu ya namba. Profaili ya kijivu ni safu moja tu: ukiomba weusi asilimia 0 unapata L* 96, asilimia 5 unapata kiasi fulani, na kuendelea hadi asilimia 100 unapopata 17. Niliandika programu yangu ndogo ya Python ya kufanya hivyo, inasoma namba 21, inakadiria zilizo kati, na kuonyesha picha iliyobanwa. Mistari haikufika 40. Haionyeshi rangi ya wino wala ya karatasi, lakini inaonyesha lile la muhimu: mikunjo ipi itaishi.

Taa ni sehemu ya programu

Malalamiko ya kawaida kuliko yote ni kwamba picha imetoka nyeusi mno. Mara nyingi profaili iko sawa na printa iko sawa. Skrini ndiyo inayong'aa kupita kiasi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mwanga unaoangukia karatasi kwa luksi, zidisha na sehemu inayorudishwa, gawanya kwa 3.14. Viwango vya ISO 3664 vinataja luksi 500 kwa kutazama picha katika hali ya kawaida ya matumizi. Karatasi yetu inarudisha asilimia 89, kwa hiyo weupe wake unang'aa kiasi cha kandela 142 kwa mita ya mraba. Sebule ya jioni yenye luksi 150 inaupa weupe huo kandela 42 tu. Skrini iliyoachwa kwenye mng'ao wa kiwandani inaweza kupita 250. Unalinganisha taa ya gari na mshumaa, halafu unailaumu printa. Ndiyo maana wachapaji hushusha skrini hadi kati ya 80 na 120, na huiangazia karatasi ipasavyo kabla ya kuihukumu.

Kwetu je?

Pwani yetu ina hazina ya picha hizi. Studio kama ya N. V. Parekh mjini Mombasa na ya Omar Said Bakor kule Lamu zilipiga picha nyeusi na nyeupe za watu wa kawaida waliokuja wamevaa nguo zao nzuri. Mara nyingi nakala iliyoko kwenye familia ndiyo pekee iliyobaki, na unyevu na wadudu hawana subira. Ikichapwa upya vibaya na ile ya zamani ikaoza, wajukuu watamjua bibi yao kama kivuli.

Habari njema ni kwamba huhitaji programu ya bei kubwa. Marti Maria alianza Little CMS mwaka 1998, maktaba huria ya kutafsiri rangi ambayo programu nyingi zimejengwa juu yake. GIMP 2.4 ilileta prufu ya skrini mwaka 2007. Lightroom, ambayo ni ya kulipia, iliipata mwaka 2012 tu katika toleo la 4. Kwa hiyo, kwa miaka mitano, wa bure walikuwa mbele. Graeme Gill naye aliandika ArgyllCMS, programu huria ya kutengeneza profaili zako mwenyewe.

Utaratibu ninaoufuata ni huu:

1. Shusha mng'ao wa skrini, na kama una kifaa cha kupimia, ipime.
2. Pakua profaili ya karatasi na wino unaotumia kutoka kwa mtengenezaji wa karatasi. Kama hakuna, chapa ngazi ya visanduku 21 na upime.
3. Fanya kazi kwenye nakala, usiguse faili la skana.
4. Washa prufu ya skrini ikiwa na weupe wa karatasi na weusi wa wino. Ficha menyu nyeupe, maana jicho hulinganisha.
5. Weka picha mbili ubavu kwa ubavu, moja na prufu na nyingine bila prufu. Anza na nyuso, kisha nguo nyeusi, mwisho nguo nyeupe. Inua upande wa giza kidogo kidogo.
6. Chapa kipande kidogo chenye uso na nguo. Kiache kikauke hadi kesho, ndipo ukihukumu.

Namba 5 nimeipanga hivyo kwa makusudi. Programu zikiachwa zibane zenyewe hugawa hasara kwa uwiano, na uwiano haujui nani ni nani. Anayejua ni wewe. Kama karatasi ina nafasi ya ngazi chache tu za giza, ni heri ukuta wa nyuma upoteze ngazi zake ili shavu la bibi libaki nazo.

Prufu ya skrini haiondoi kile kipande cha majaribio cha chumba cha giza. Inapunguza idadi yake, kutoka karatasi kumi hadi moja au mbili, na kwa bei za wino za leo hiyo si haba. Weusi wa karatasi bado ni 17, na hakuna toleo jipya la programu litakaloushusha.

Kwa leo niishie hapo. Kama nyumbani kuna sanduku la picha za zamani, anza na skana wikendi hii kabla ya mvua.